Diski ya Nne

Zipu ilifunguka gizani, jino moja moja. Anayefungua zipu namna hiyo ama anaogopa kuamsha mtoto, ama hataki kuulizwa anatafuta nini. Ilikuwa kabla ya saa kumi na moja alfajiri, saa yangu ya kuamkia kazi, nami nilikuwa macho tayari ubavuni mwa binti yangu, nikimsikiliza mdogo wangu akipekua begi lake pale konani. Kitu cha bati kikagonga sakafu, ting, akakifumba mkononi. Kisha zipu ikarudi ilikotoka, jino kwa jino.

"Umeamka?" nikamwuliza.

"Natafuta mswaki."

Mswaki wake ulikuwa kwenye kikombe kimoja na yetu, juu ya kifuniko cha ndoo, tangu siku aliyofika. Nikavaa, nikamfunika binti yangu, nikatoka.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu mdogo wangu asimame mlangoni na begi begani, akaniambia chuo kimewapa wiki mbili za kujisomea. Yuko mwaka wa kwanza, chuo kilekile nilichoanzia mimi. Nilifurahi kumwona. Nikamtandikia godoro jembamba, nikamwambia ajione yuko kwake, ingawa kwenyewe ni chumba kimoja na kibaraza, na ukinyoosha mguu usingizini inabidi umwombe mwenzako radhi. Kujisomea kwenyewe sikukuona. Niliporudi kazini nilimkuta amelala, au anamsuka binti yangu, au anatazama ukuta kama anayesubiri uanze kusema.

Mimi nafanya kazi kwa dobi, upande wa pasi. Mwezi huo ulikuwa wa mahafali, na duka letu ndilo linalofua majoho ya chuo. Joho moja linataka dakika tisa: mabega kwanza, kisha mikunjo ya mgongoni, mikono mwisho, na pasi isiguse kola, maana ikiigusa itang'aa kama goti la suruali kuukuu. Ndani ya kola pameshonwa kitambaa chenye namba. Hakina jina, nashukuru. Mwaka juzi nilipiga pasi majoho ya wale tulioanza nao, nami sikujua lipi ni la nani.

Binti yangu naye, katika familia yetu, anaitwa Joho. Jina hilo alipewa na mama yangu siku alipompakata mara ya kwanza. "Nilisubiri joho," mama alisema, "nikaletewa wewe. Basi wewe ndiwe joho langu." Watu wakacheka, nami nikacheka, jina likaganda. Mama anampenda mjukuu wake kuliko pumzi yake. Lakini utani nao una miiba, na mtoto anayeitwa hivyo kila siku, iko siku atauliza kwa nini. Joho aliuliza akiwa na miaka minne. Mama akamjibu kwenye simu, kwa upole wote: "Kwa sababu mama yako alipokupata wewe, chuo kilimkataa." Alimweleza kama nilivyomweleza yeye. Joho akaitika, akaenda kucheza. Usiku ule aliniuliza kama chuo kingenikubali angekuwa mvulana.

Baba yake yupo, kama antena iliyobaki juu ya paa. Inaonekana, haishiki kituo.

Jumanne na Alhamisi jioni nasoma. Darasa letu ni la watoto wa shule ya msingi, tunalikalia wakishatoka. Magoti yanatufika kidevuni, fundi bomba, muuza nyanya na mimi. Mwalimu wetu tunamwita Nukta, kwa sababu akisoma karatasi ya mtu kwa sauti anazitamka nukta zote, hasa zile ambazo hukuziweka. Muhula huo alitutaka tuhakiki kazi moja tunayoijua kuliko nyingine zote. Mimi sikuwa na kitabu. Nilikuwa na tamthilia. Niliandika kurasa mbili, akazirudisha na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: *Umeisifu. Sasa itazame.* Nilipomfuata mlangoni akaniambia, "Uhakiki, mama, si kusema umependa. Ni kuuliza kazi imeficha nini, na imemficha nani."

Tamthilia yenyewe ina jina lake refu, lakini mimi na mdogo wangu tuliiita Macho, kwa ajili ya msichana wake mkuu, mwenye macho kama visahani vya chai, aliyekuwa akilia kwa jicho moja tu, la kushoto, ili poda isiharibike pande zote. Ilikuwa ya nchi ya mbali, imetiwa sauti za Kiswahili. Midomo ilifunga, maneno yakaendelea. Wanaume wote walisemewa na mtu mmoja mwenye mafua. Mwanzoni vijana wale wako sekondari, kisha wanakwenda chuo, na hiyo miaka ya chuo ndiyo tuliyokuwa nayo sisi: diski sita kwenye mfuko wa nailoni, tulizoachiwa na mpangaji aliyehama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, mdogo wangu minane. Tulizitazama hadi tukajua ni mlango gani utafungwa na nani atashtuka.

Diski ya nne tu haikucheza. Mdogo wangu aliikanyaga kwa mguu mmoja akateleza nayo sakafuni kutoka mlangoni hadi kitandani, akaenda na kurudi. Kwa miaka mingi, kitu chochote kikiharibika nyumbani, tulisema kimekwenda diski ya nne.

Sasa Macho anapata mimba akiwa mwaka wa pili. Mwisho wa diski ya tatu anatoka getini mwa chuo mvuani na begi lake, mlinzi anamwinulia kofia, muziki unapanda. Diski ya tano inaanza yuko kwenye ngazi za bweni, nywele mpya, vitabu kifuani, anacheka. "Mtoto yuko kwa mama," anasema, na hadithi inaendelea na wivu wa watu wengine.

Mimi sikuwa mjinga wa kuiamini televisheni. Nataka hilo lieleweke. Nilijua mvua ile ni ya bomba. Nilichokiamini ni diski ya nne. Nilijua kwamba humo ndani ndimo walimoonyesha yote: alimwambia nani, alikaa wapi, alirudije, mlango upi ulifunguliwa na nani. Hatukuiona, lakini ilikuwepo. Mtu hatoki getini na mimba akaonekana tena ngazini anacheka bila katikati kuwa na kitu.

Kwa hiyo safari hii nikamwomba fundi simu wa jirani na duka letu anitilie miaka yote ya chuo kwenye flashi, na hiyo ya nne imo.

"Hii siku hizi haina watu, dada," akasema.

"Ni ya masomo."

Akanitazama kama niliyemwambia nanunua pombe ya kutibu kikohozi.

Jumatano hiyo, siku ya zipu, zamu yangu iliisha saa nane mchana. Nilipofika nyumbani mdogo wangu alikuwa nje anaanika, na Joho amejilaza sakafuni anaendesha gari. Gari lenyewe lilikuwa ufunguo. Ufunguo mnene wa kizamani, umefungwa kibati chenye namba, na kibati hicho kila alipokipitisha kwenye ufa wa sementi kilisema ting.

Niliujua ule ufunguo kabla sijainama. Ufunguo wa bweni hauondoki na mtu. Ukienda likizo, ukienda kujisomea, hata ukienda kuzika, unaukabidhi kwa matroni, anautundika kwenye msumari wako, unasaini daftarini. Ukiwa nao nyumbani, maana yake hukuaga. Na asiyeaga ana siku kumi na nne. Ya kumi na tano jina linafutwa. Hakuna anayekupigia simu, hakuna barua. Nikahesabu kwa vidole vya mkono wenye harufu ya pasi. Alikuja Ijumaa. Leo kumi na mbili. Keshokutwa, Ijumaa, ndiyo ya mwisho.

Nikautia mfukoni. Nilitaka kupiga kelele, lakini kelele ni kitu mdogo wangu anachokijua; huziba masikio kwa ndani na kukutazama kwa adabu. Nikachomeka flashi.

"Njoo unisaidie," nikamwita. "Mwalimu Nukta anataka niitazame Macho kwa jicho la ubaya."

Akaingia anapangusa mikono, akaketi, na kwa nusu saa nikamwona amerudi kuwa yule wa miaka minane.

"Andika," akasema. "Chumba cha wanafunzi watatu kina kochi."

"Na zulia."

"Na dirisha lina maua. La kwetu linatazama jenereta."

Lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu chumba chake. Nikaandika: kochi, zulia, maua.

"Ona vikombe," nikasema. "Wamevishika tangu mwanzo, hakuna aliyekunywa."

"Vitupu. Tazama anavyokigeuza huyo. Kingekuwa na chai angeungua mapaja."

"Nani anaviosha?" Joho akauliza kutoka sakafuni.

"Mwandike huyo," mdogo wangu akasema. "Ndiye mhakiki, sisi wengine wasindikizaji."

Tukaendelea. Mtihani mzima wa mwaka uliisha ndani ya wimbo mmoja. Maktaba ilikuwa mahali pa kubusiana. Yule tajiri, tuliyemwita Mkoba, alilala na mkoba wake begani. Yule wa gitaa alipiga gitaa ngazini tangu asubuhi na hakuna aliyemwuliza kama hana kipindi. Na kila urafiki ulianzia hapohapo ngazini: mmoja anaangusha karatasi, mwingine anaziokota, macho yanakutana, basi, ndugu wa maisha. Nilipoanza kulicheka hilo niliona nacheka peke yangu. Mdogo wangu alikuwa ameukumbatia mto, kidevu juu yake.

Mvua ya bomba ikanyesha. Macho akatoka getini. Mlinzi akainua kofia.

"Sasa," nikasema.

Miaka kumi nilikuwa naisubiri ile diski, na mitano kati yake niliisubiri kama mtu anayesubiri kuambiwa amekosea wapi.

Ilikuwa mashindano ya dansi.

Vipindi vinne, vyote dansi. Kisigino cha kiatu cha Mkoba kikavunjika. Gitaa likaibiwa, likapatikana. Wakashindwa, kisha ikaonekana kumbe wameshinda. Macho hakuwemo hata mara moja, ila kwenye picha ukutani, na mtu akapita akaifuta vumbi, kazi pekee ya nyumbani iliyofanywa na mtu yeyote katika miaka ile yote ya chuo. Mtoto hakuzaliwa popote. Hakuna aliyeingia ofisi yoyote. Hakuna aliyeuliza, "Yuko wapi yule?"

Mdogo wangu akaanza kucheka, taratibu, hadi akashika mbavu. "Kumbe sikuharibu kitu. Miaka yote mnanisimanga, kumbe niliwaokoa."

Mimi sikucheka. Nikaingiza mkono mfukoni, nikauweka ufunguo juu ya kigoda, katikati yetu.

Kicheko kikamwishia usoni kama maji kwenye mchanga.

"Umenipekua?"

"Joho alikuwa anauendesha. Leo siku ya kumi na mbili."

"Najua kuhesabu."

"Ijumaa ndiyo mwisho."

"Nimesema najua." Akauchukua ufunguo, akakizungusha kibati. Alipoanza kusema alisema na kibati. "Nilikaa kwenye ngazi, dada. Mwezi wa kwanza. Kila jioni nilichukua kitabu nikaenda kukaa kwenye ngazi za bweni, nikidhani ndiko watu wanakoanzia. Walinipita. Siku moja msichana mmoja akasimama, nikasema moyoni, huyu hapa. Akaniambia, samahani, unaziba njia."

Nilitaka kumshika. Akajisogeza.

"Halafu nikapata kumi na tisa kwa mia. Sikuwa hata na mtu wa kumwambia kwa utani."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe? Wewe ambaye kila ukipiga simu swali ni moja, marafiki wangapi sasa? Ningekuambia nini? Wewe ndiye uliyenikalisha mbele ya hii takataka ukaniambia, tazama vizuri, chuo kiko hivi."

Ni kweli nilimwambia. Nilimwambia nikiwa na miaka kumi na tano, na nikamwambia tena nikiwa na miaka ishirini na mtoto mgongoni, alipokuwa hataki kusoma. Nilimwuzia kitu nilichokuwa nimekinunua mwenyewe kikaoza mikononi.

"Basi sasa nimechoka," akasema. "Nitapumzika, mwakani nitarudi."

"Utarudi na karatasi gani?"

"Na miguu yangu. Mimi sina mtoto, mimi watanipokea. Wewe walikukataa kwa sababu ya mtoto."

Joho alikuwa amekaa chini ya televisheni. Hakuwa na gari tena. Alikuwa akizitazama nyayo zake.

Kuna maneno ambayo mtu huyabeba hadi yanashika umbo la mgongo wake, na siku ya kuyatua haujui kusimama bila hayo. Nikayatua hivyohivyo.

"Hawakunikataa," nikasema.

"Dada."

"Hawakunikataa. Niliondoka kama Macho. Begi, geti, mlinzi akanipungia mkono, hata mvua ilikuwepo. Sikumwambia mtu. Nilijifungua, nikanyonyesha miezi mitano, nikarudi na vitabu kwapani, nimesuka nywele upya. Mama mmoja wa dirishani, pale ofisi ya usajili, akafungua daftari lake akaniambia jina lilifutwa siku ya kumi na tano. Akaniuliza, 'Kwa nini hukusaini karatasi ya kuahirisha masomo? Wenzako wenye watoto wamo humu.' Akanionyesha kwa kalamu. Kulikuwa na mmoja anavuka uani, mtoto mgongoni, anakimbilia kipindi. Ilikuwa karatasi moja. Tena imeandikwa upande mmoja."

Kwenye televisheni diski ya tano ilikuwa imejianzia yenyewe. Macho alikuwa ngazini, anacheka. Mdogo wangu akaizima.

"Na mama?"

"Nilimwambia mama chuo hakitaki wenye watoto. Niliona bora nionewe kuliko nionekane mjinga."

"Miaka mitano mama anakilaani kile chuo."

"Najua."

"Na huyu anamwita Joho."

"Najua."

"Hujui." Sauti yake ilikuwa chini, na ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa chini. "Mimi nilikiogopa kile chuo kabla sijafika. Kila mwalimu aliyeninunia nilisema, ndiye huyu aliyemtoa dada. Ile kumi na tisa nilisema, wameanza, damu yetu hawaitaki. Macho alinidanganya kwamba ni raha. Wewe ukanidanganya kwamba ni maadui. Kumbe pale hakuna raha wala adui, kuna dirisha na karatasi, na hakuna aliyeniambia hilo."

Nilimtazama Joho, nikamkumbuka mwalimu wangu na swali lake, imeficha nini na imemficha nani, na nikaona kwamba kazi niliyopewa kuihakiki haikuwa kwenye flashi.

"Twende kesho ukasaini," nikasema mwishoni.

"Sirudi darasani."

"Usirudi. Sikulazimishi. Saini tu ya kuahirisha, nafasi yako ikae. Ukiamua kukiacha chuo, ukiache wewe. Usiachiwe na daftari."

Nje maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka kwenye nguo alizoanika bila kuzikamua vizuri. Hata hilo ningemfundisha siku nyingine.

"Nitasaini," akasema. "Nikishasaini, unampigia mama hapohapo, mbele yangu."

"Nitampigia."

"Unamwambia yote."

"Yote."

Alhamisi nilibadilishana zamu na mwenzangu wa pasi, aliyenikumbusha kwamba fadhila yake ina kumbukumbu. Tulifika ofisi ya usajili saa tatu. Dirisha ni lilelile, lina kioo chenye tundu la nusu duara chini, na ili usikike lazima uiname kama anayeomba msamaha. Mama wa dirishani alikuwa yuleyule, miwani tu ndiyo mipya. Hakunikumbuka. Nimeishi naye kichwani miaka mitano, na yeye hakunikumbuka.

"Ya kuahirisha," mdogo wangu akasema kupitia tundu.

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya kumi na tatu."

"Umechungulia kaburi," yule mama akasema, akasukuma karatasi.

Joho alining'inia kwenye ukingo wa dirisha kuiona. "Ndiyo hiyo?" akaniuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Ni ndogo."

Ilikuwa ndogo. Mdogo wangu akaijaza amesimama, ameegemea ukuta. Kwenye *Sababu* akasita, kalamu mdomoni.

"Niandike nini? Ngazi?"

"Andika za kifamilia."

"Hilo nalo ni kweli," akasema, akaandika.

Chini palikuwa na mstari mmoja umebaki, *Sahihi ya mzazi au mlezi*, akanipa kalamu. Mkono wangu ulikuwa na kovu jipya la pasi, na sahihi yangu ilitoka kubwa kuliko nafasi, ikapanda juu ya maneno yaliyochapwa. Basi nayo ilikuwa hiyo. Nimeisaini ile karatasi hatimaye, mahali pa mtu mwingine. Yule mama akaigonga muhuri bila kuitazama, akachana kipande, akakipitisha tunduni. Mwaka mmoja, kilisema. Ufunguo tukampelekea matroni, akautundika kwenye msumari wake, na kibati kikasema ting kwa mara ya mwisho.

Uani kulikuwa na benchi. Tukakaa, Joho katikati. Wanafunzi walikuwa wakipita, wengine wawiliwawili, wengi peke yao, mmoja anakula ndizi anatembea. Mdogo wangu aliwatazama kama anayewaona mara ya kwanza. Kisha akanigeukia.

"Haya. Zamu yako."

Nikapiga. Mama akapokea yuko jikoni, nikausikia mwiko ukigonga sufuria.

"Mama. Kuna jambo."

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Basi mengine yote ni maneno. Sema."

Nilikuwa nimelipanga njia nzima, neno kwa neno, na nukta mahali pake. Nikafungua mdomo, ukabaki wazi. Mdogo wangu alikuwa akinitazama. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kusema, nilitaka tu kukusalimu, na kurudi kwenye miaka mingine mitano.

"Umeingiwa na nini leo?" mama akasema. "Haya, ukiwa tayari utasema. Nipe huyo mla joho langu nimsikie."

Nikabonyeza spika, nikampa Joho simu. Akaishika kwa mikono miwili, kama kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

"Hujambo, Joho wa bibi?"

Joho alinitazama mimi, kisha lile dirisha la kioo lenye tundu.

"Bibi," akasema, "mama hakusaini karatasi."